Michael Faraday na Somo la Mshumaa

Mtoto aliyekulia Nyamwage, wilayani Rufiji, haji darasani bila ujuzi wa moto. Amewaona wachoma mkaa wakipanga magogo, wakiyafunika kwa majani na udongo, kisha wakililinda tanuri kwa siku kadhaa. Anajua kwamba tanuri likitoboka, magogo huwa majivu badala ya mkaa. Hata hivyo, mara nyingi mwalimu humwandikia ubaoni maana ya mwako, naye huinakili bila kuihusisha na tanuri hilo. Mwalimu mwanafunzi anayetaka kuliepuka kosa hili ana mengi ya kujifunza katika maisha ya Michael Faraday.

Faraday alizaliwa tarehe 22 Septemba, 1791, huko Newington, ambako leo ni sehemu ya jiji la London, Uingereza. Baba yake alikuwa mhunzi mwenye afya dhaifu, na jamaa yao iliishi kwa dhiki. Shuleni alipata kusoma, kuandika na kuhesabu tu. Mwaka 1805, akiwa na umri wa miaka 14, alifanywa mwanagenzi wa George Riebau, muuza vitabu na mjalidi, kwa muda wa miaka 7. Vitabu alivyovijalidi alivisoma pia. Kimoja kilikuwa kitabu cha kemia cha Jane Marcet, kilichoandikwa kama mazungumzo baina ya mwalimu na wanafunzi wake. Faraday hakutosheka na kukisoma. Aliyajaribu mwenyewe yale aliyoyamudu kwa fedha zake chache.

Mwaka 1812 alihudhuria mihadhara ya mkemia Humphry Davy katika Royal Institution, London. Aliiandika kwa uangalifu, akaijalidi, akampelekea Davy. Mwaka 1813 aliajiriwa hapo kuwa msaidizi wa maabara. Mwaka uliofuata, wakiwa safarini Florence, Italia, wawili hao waliichoma almasi kwa miali ya jua iliyokusanywa na lenzi kubwa. Ilipoungua katika oksijeni, almasi ilitoa kabonidioksidi, gesi ile ile itokayo kwenye mkaa uunguao. Kwa hiyo, kito kama kile kichimbwacho Mwadui na mkaa wa jikoni vyote viwili ni kaboni.

Baadaye Faraday aligundua benzini mwaka 1825, na mwaka 1831 akagundua namna ya kupata umeme kwa kutumia sumaku. Lakini hakuona kuwa kufundisha watoto ni kazi ya kumshushia hadhi. Kati ya mwaka 1827 na 1860 alitoa mifululizo 19 ya mihadhara ya vijana wakati wa Krismasi. Uliosifika zaidi, alioutoa mwaka 1848 na kuurudia mwishoni mwa mwaka 1860, ulihusu mshumaa peke yake.

Njia yake ilikuwa nyepesi. Alianza na kitu kinachojulikana, akakifanyia jaribio, ndipo akaeleza. Alionyesha kwamba nta huyeyuka, hupanda utambini, hugeuka mvuke, na mvuke huo ndio unaowaka. Alionyesha kwamba mwanga wa mwali hutokana na chembe za kaboni zilizopata moto mkali, zile zile zinazoonekana kuwa masizi zinapopoa. Kisha akaonyesha kwamba mshumaa hutoa maji, na pia kabonidioksidi, ambayo huyageuza maji ya chokaa kuwa meupe kama maziwa. Mwisho aliufananisha mwako huo na pumzi ya mwanadamu.

Mwalimu wa Nyamwage aweza kufuata njia hiyo hiyo kwa mshumaa, chupa ya kioo, sahani baridi na maji ya chokaa. Kutoka hapo arudi kwenye tanuri. Sehemu ndogo ya kuni huungua na kutoa joto. Sehemu kubwa, ikikosa hewa, hutoa mvuke na gesi, ikabaki kaboni. Kaboni hiyo ikiungua vizuri, gramu 12 huungana na gramu 32 za oksijeni na kuwa gramu 44 za kabonidioksidi. Hivyo mkaa haupotei uunguapo. Huwa gesi isiyoonekana.

Sasa somo lifike nyumbani. Katika jiko, kabonidioksidi inayopita kwenye mkaa mwekundu hugeuka kuwa kabonimonoksidi. Ule mwali wa buluu juu ya jiko ni gesi hiyo ikiungua. Isipoungua, huenea chumbani bila rangi wala harufu, nayo hushika nafasi ya oksijeni katika damu. Watu waliolala na jiko la mkaa katika chumba kilichofungwa wamekufa hivyo. Mtoto aliyekariri maana ya mwako hataliondoa jiko chumbani usiku wa baridi. Aliyeelewa ataliondoa, tena atawaeleza wazazi wake sababu.

Faraday alifariki tarehe 25 Agosti, 1867. Hakuacha mtoto, lakini mihadhara yake ya mshumaa, iliyochapishwa mwaka 1861, ingali inasomwa. Mwalimu mwanafunzi, kabla hujaandika neno mwako ubaoni, washa kwanza mshumaa, kisha waulize watoto wanaona nini.