Sheikh Al-Amin, Kadhi Aliyetengeneza Herufi

Wengi wetu twamkumbuka marehemu Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui kwa cheo cha Kadhi Mkuu wa Kenya, alichokishika tangu mwaka 1937 hadi kufa kwake mwaka 1947. Wengine wamjua kuwa ni babake marehemu Profesa Ali Mazrui. Leo nataka kumtaja kwa kazi nyingine, ambayo naona imesahauliwa: kutengeneza herufi.

Alizaliwa Mombasa mwaka 1891. Babake, Sheikh Ali bin Abdallah, alifariki angali mtoto mdogo, akalelewa na kusomeshwa na Sheikh Suleiman bin Ali Mazrui. Baadaye alisoma Unguja kwa Sayyid Ahmad bin Sumait na Sheikh Abdallah Bakathir.

Mwaka 1930 alianzisha gazeti dogo, Sahifa, na mwaka 1932 akatoa Al-Islah. Alitaka Waislamu wa pwani waamke, wasome, wake kwa waume. Lakini mwenye kutaka kusomwa na kila mtu hana budi awe na maandishi yasiyomkwaza msomaji, na hapo ndipo palipokuwa na tabu.

Wazee wetu waliandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu. Herufi hizo zapendeza, lakini Kiarabu hakina p, v, g wala ch, na irabu zake hazitengi e na i, wala o na u. Basi "kuku" na "koko" yalikuwa maneno ya sura moja. "Pima" ikasomeka "bima", na "mbuzi" mara nyingi ikaandikwa "buzi". Aliyehifadhi utenzi kwa moyo hakutatizika. Lakini habari mpya ya gazetini yataka kusomeka mara moja, bila kubahatisha.

Mwalimu Sikujua wa Mombasa, aliyefariki mwaka 1890, alikuwa amekwisha kuongeza alama zake. Sheikh Al-Amin naye akazirekebisha herufi zikubaliane na matamshi yetu. Hakuzitupa, wala hakuziacha na kasoro zake. Nami sioni uzushi hapo: Waajemi walitia nukta tatu chini ya be wakapata pe, na dini yao haikupungua.

Lakini wakati haukumngoja. Mwaka 1928 mkutano uliofanyika papa hapa Mombasa ulichagua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili cha shule, na vitabu vyake vikapigwa chapa kwa herufi za Kizungu.

Siku hizi makampuni ya simu hulipa mafundi kuchora upya herufi za majina yao, na mabango yao twayaona toka Likoni hadi Changamwe. Fundi mzuri huuliza mambo mawili: je, jicho litapendezwa? Na msomaji atasoma sawasawa? Sheikh aliuliza hayo kwa ajili ya lugha nzima.

Huku kwetu Kisauni watoto wajifunza alif na be chuoni, wakasoma Qur'ani vizuri. Lakini mpe mmoja wao barua ya babu yake, hawezi kuisoma. Simu zao zinazo pe na che, kwa kuwa Waajemi wazitumia. Kilichobaki ni walimu wetu kutenga japo saa moja kwa juma, wawafundishe kuandika Kiswahili kwa herufi hizo. Sheikh alikwisha tuonyesha njia, Mwenyezi Mungu amrehemu.