Von Lettow-Vorbeck: Kamanda aliyelivisha jeshi kwa mazao ya Tanga

KILA vinapotajwa vita vya Tanga vya Novemba 1914, jina la Paul von Lettow-Vorbeck ndilo hutangulia. Wengi humkumbuka kwa ushindi wa siku chache na kwa nyuki waliowavamia Waingereza. Lisilosimuliwa sana ni jinsi alivyolihudumia jeshi lililofungiwa bahari, na ni nani aliyeubeba mzigo wake.

Alizaliwa Machi 20, 1870 mjini Saarlouis, Ujerumani, katika ukoo wa kijeshi. Alipigana China, kisha Namibia ya leo, ambako Wajerumani waliwaangamiza Waherero na ambako yeye alijeruhiwa jicho. Aliwasili Dar es Salaam Januari 1914. Vita vilipozuka Agosti, alikuwa na askari Waafrika wapatao 2,500 na Wajerumani wasiofika 300. Gavana Heinrich Schnee alitaka koloni liepushwe na vita. Kamanda huyo hakumsikiliza.

Waingereza walipoteremsha Tanga kikosi cha watu wapatao 8,000 kutoka India, Lettow-Vorbeck alileta askari wake kwa reli kutoka Moshi, na usiku akaupeleleza mji kwa baiskeli. Novemba 5 wavamizi walirejea melini, wakiacha bunduki kwa mamia, bombomu 16 na risasi 600,000. Ngawira hiyo ndiyo iliyokuwa ghala lake la kwanza.

Aprili 1915 gesi ya sumu ilitumika Ypres, na viwanda vya Ulaya vikaanza kushona barakoa na mikoba ya kuzibebea. Huku gesi haikufika. Adui wa askari wa pwani alikuwa malaria, miiba na nguo zinazochakaa mwilini. Mwezi huohuo meli Rubens, iliyojisingizia kuwa ya Denmark, ilikimbilia ghuba ya Manza, kaskazini ya Tanga, huku ikifukuzwa na manowari ya Kiingereza Hyacinth. Iliteketea humo, lakini wapiga mbizi waliopoa shehena yake, na risasi zilizolowa zikafunguliwa na kuanikwa.

Mengine yalitoka ardhini. Taasisi ya utafiti ya Amani, katika milima ya Usambara, iliyoanzishwa 1902 kwa ajili ya mimea ya mashambani, iligeuzwa karakana ya vita. Magome ya miti ya kwinini yakatengenezwa vidonge. Pamba ilisokotwa na kufumwa, kitambaa kikatiwa rangi ya magome. Ngozi za ng'ombe zikalainishwa kwa magome ya mikoko na kushonwa mabuti. Mpira wa mashambani ukawa magurudumu. Ustadi huo hauna budi kukiriwa, hata na asiyempenda mtu mwenyewe.

Tanga ilipotekwa Julai 7, 1916, na Usambara ikapotea, karakana zikaenda nayo. Jeshi likarudi kusini, likichemsha magome yaliyobaki kuwa dawa chungu ya maji, ambayo Wajerumani waliibandika jina la kamanda wao.

Mizigo yote hiyo ilipita vichwani mwa wapagazi. Chakula chao kilichukuliwa vijijini, na pande zote mbili zilifanya hivyo. Ugogo ilikumbwa na njaa iliyoitwa Mtunya. Upande wa Waingereza peke yake, hesabu rasmi ilitaja wapagazi wapatao 95,000 waliokufa, wengi kwa maradhi. Jina la Kariakoo, Dar es Salaam, limetokana na kikosi chao.

Lettow-Vorbeck alisalimisha silaha Abercorn, Mbala ya leo, Novemba 25, 1918, wiki mbili baada ya vita kumalizika Ulaya. Alipokewa Berlin kama shujaa, na mwaka 1920 akashiriki jaribio la kuipindua serikali lililomwondoa jeshini. Alifariki Hamburg Machi 9, 1964, akiwa na miaka 93.

Mwaka huohuo Bunge la Ujerumani Magharibi liliidhinisha malipo kwa askari wake wa zamani waliokuwa hai, na mlipaji akatumwa Mwanza. Malipo hayo yalikuwa ya askari. Wapagazi hawakuwamo.