John Strachey, waziri aliyetaka karanga kabla udongo haujapimwa

Ukipanda treni Tabora kwenda Kigoma, kabla ya Kaliua unapita Urambo. Misafara ya pembe za ndovu ilipita pande hizo kuelekea Ujiji, na jina limetokana na mtemi Mirambo, aliyefariki 1884. Leo Urambo inajulikana kwa tumbaku. Tumbaku hiyo ilishika baada ya karanga kushindwa, na aliyeng'ang'ania karanga ni waziri mmoja wa Uingereza.

John Strachey alizaliwa 1901, mtoto wa mhariri wa gazeti la Spectator. Alisoma Oxford, akaingia bungeni 1929 kwa chama cha Labour, na vitabu vyake vya siasa za kijamaa vilisomwa sana miaka ya 1930. Hakuwa mjinga. Tunalisema mapema kwa sababu habari za karanga husimuliwa kama kichekesho tu cha wazungu wasiojua kulima.

Mei 1946 akawa Waziri wa Chakula. Vita vilikuwa vimekwisha, lakini Waingereza waligawiwa mafuta na siagi kwa kipimo, na Julai hata mkate ukaingia kwenye kadi. Ndipo ikamfikia ripoti ya John Wakefield, aliyewahi kuongoza idara ya kilimo Tanganyika: pori lifyekwe, ekari zaidi ya milioni 3 zilimwe karanga kwa mashine. Wakefield na wenzake wawili walikuwa wamezunguka wiki 9 tu, maeneo mengi wakiyatazama kutoka angani.

Kila bwana shamba anajua utaratibu: jaribu shamba dogo, pima mvua misimu kadhaa, chimba uone udongo. Serikali iliruka hatua hiyo kwa hoja kwamba njaa haisubiri. Mwaka 1947 matingatinga yakaingia Kongwa, na baadaye Urambo na Nachingwea. Lengo la mwaka wa kwanza lilikuwa ekari 150,000. Zilizopandwa zilikuwa kama 7,500. Udongo wa Kongwa mvua ikikatika hukauka ukawa kama saruji, na karanga hukomaa chini ya ardhi, kwa hiyo hata zilizozaa zilikuwa shida kuzitoa. Mvua ya huko ilivyo, Mgogo yeyote angewaeleza bure.

Wanasayansi wa mradi waliendelea kupima. Miongoni mwao alikuwa John Phillips, mtaalamu wa ikolojia kutoka Afrika Kusini aliyewahi kufanya utafiti wa mbung'o nchini. Vipimo vilitoa namba, na namba hizo hazikulingana na ahadi zilizotolewa bungeni London. Hakuna aliyefungwa jela. Lakini waziri akishatangaza ekari, anayesema zipunguzwe anaonekana hana imani na mradi.

Novemba 1949 Strachey aliwaondoa wajumbe wawili wa bodi, McFadyen na Wakefield, huyo huyo aliyeandika ripoti ya kwanza. Wakaguzi wa hesabu hawakukubali kuthibitisha kwamba vitabu vya mradi vilitunzwa ipasavyo. Wapinzani walitaka uchunguzi. Kura za chama tawala zikaukataa. Hata hivyo habari haikuzimika. Alan Wood, aliyekuwa mkuu wa kitengo cha habari cha mradi, kazi yake ikiwa kuusifu, aliacha kazi, na 1950 akatoa kitabu kilichoeleza mkasa wote kutoka ndani.

Mwaka huo Strachey alihamishiwa Wizara ya Vita. Januari 1951 serikali iliufuta mpango, hasara ikiwa kama pauni milioni 36. Yaliyobaki ni mashamba machache ya majaribio, yaani kile ambacho kingetangulia.

Strachey alibaki mbunge na mwandishi hadi alipofariki Julai 1963, akiwa na miaka 61. Tanganyika ilikuwa huru tayari, na Urambo wakulima wa Kiafrika walikuwa wakilima tumbaku kwenye ardhi iliyofyekwa kwa ajili ya karanga zake.