Abebe Bikila, bingwa wa marathoni aliyekimbia pekupeku

Wewe unayejiandaa kwa nusu marathoni yako ya kwanza, kilomita 21 za miinuko ya Mbeya au Iringa, mfahamu Abebe Bikila. Naye alifanya mazoezi nyanda za juu, nchini kwake Ethiopia.

Alizaliwa mwaka 1932, akawa askari wa kikosi cha kumlinda Mfalme Haile Selassie. Kocha wake, Onni Niskanen kutoka Sweden, alimfanyisha mazoezi akiwa na viatu na bila viatu. Kwenye Olimpiki ya Roma mwaka 1960, viatu vipya vilimtoa malengelenge. Akaviacha, akakimbia pekupeku kama alivyozoea, akashinda marathoni kwa saa 2 na dakika 15. Mwaka 1964 alishinda tena Tokyo, safari hii akiwa na viatu, wiki chache baada ya kupasuliwa kidole tumbo.

Mwaka 1969 alipata ajali ya gari, akapooza miguu. Hakuacha michezo, alishindana kulenga shabaha kwa mishale akiwa kwenye kiti cha magurudumu. Alifariki mwaka 1973 akiwa na miaka 41.

Kwa hiyo viatu vipya usivijaribu siku ya mbio. Vaa vile ambavyo miguu yako imevizoea mazoezini.