Daktari Aliyewafuata Wagonjwa kwa Ndege

Wasikilizaji wetu wa Sanya Juu mnaijua njia ya kuelekea Ol Molog. Huko, chini ya Mlima Kilimanjaro, ndiko lilikokuwa shamba la Michael Wood, daktari mpasuaji kutoka Uingereza.

Mwaka 1956 Wood na madaktari wenzake wawili, Archibald McIndoe na Tom Rees, walijadili shida moja: wapasuaji wako mijini, wagonjwa wako vijijini, na barabara ni mbovu. Mwaka 1957 wakaanzisha huduma ya madaktari wa ndege, ambayo leo tunaijua kwa jina la Amref.

Wood alirusha ndege mwenyewe. Alitua karibu na hospitali za misheni zilizokuwa mbali, akafanya upasuaji, kisha akaendelea na safari. Baadaye hospitali hizo zikaunganishwa kwa simu ya upepo, zikaweza kuomba ushauri au ndege mgonjwa anapozidiwa.

Mkewe, Susan, alizaliwa Kongo, mtoto wa wamisionari.

Wood alifariki mwaka 1987. Tunamkumbuka kwa sababu kwetu vijijini umbali bado unaua, hasa mama mjamzito anapocheleweshwa nyumbani. Tusisubiri azidiwe ndipo tutafute usafiri.