HERODE MKUU: MKIMBIZI ALIYEWAKIMBIZA WENGINE



Kila mwaka watoto wetu wa Shule ya Jumapili huigiza kuzaliwa kwa Yesu. Mmoja huwa Yosefu, mmoja Maria, na yule mwenye sauti kubwa hupewa sehemu ya Herode. Anavaa taji la karatasi, anapiga makelele, watu wanacheka, mchezo unaisha. Lakini Herode alikuwa mtu wa kweli, mwenye mama, ndugu na watoto. Hakuanza maisha yake kwa kuua. Nilipokuwa chuo cha Biblia nilisoma habari zake katika vitabu vya Josephus, mwandishi Myahudi aliyezaliwa mwaka 37 baada ya Kristo, na jambo moja lilinishtua. Huyu ambaye Familia Takatifu ilimkimbia, yeye mwenyewe aliwahi kuwa mkimbizi.

Tusimchanganye na akina Herode wengine. Aliyemwua Yohana Mbatizaji ni mwanawe, Herode Antipa. Yule wa Matendo 12 ni mjukuu wake. Leo tunazungumza juu ya baba yao, Herode Mkuu.

Usiku wa kukimbia

Herode alizaliwa karibu mwaka 73 K.K. Baba yake, Antipater, alikuwa Mwidumea, kutoka kusini ya Uyahudi, watu walioingizwa katika dini ya Kiyahudi kwa nguvu vizazi viwili nyuma. Mama yake, Kupros, alikuwa wa Wanabatea, Waarabu wa ng'ambo ya Yordani. Kwa hiyo wakubwa wa Yerusalemu walimwona kama mtu wa kuja, Myahudi nusu. Neno hilo lilimfuata maisha yake yote.

Mwaka 47 K.K., akiwa bado kijana, baba yake alimweka kuwa mkuu wa Galilaya. Mwaka 43 K.K. baba huyo aliuawa kwa sumu. Mwaka 40 K.K. jeshi la Waparthi lilitoka mashariki na kumweka Antigonus kuwa mfalme Yerusalemu. Fasaeli, kaka yake Herode, akakamatwa na kufa mikononi mwa adui.

Herode akatoka mjini usiku. Aliwachukua mama yake, dada yake, mdogo wake, na mchumba wake Mariamne pamoja na mama wa binti huyo. Njiani gari lililombeba mama yake lilipinduka, naye akadhani mama amekufa. Josephus anaandika kwamba Herode alichomoa upanga ajiue, wenzake wakamzuia. Karibu na Betlehemu waliwashambulia, akapigana akashinda. Walipofika Idumea watu waliomfuata walikuwa zaidi ya 9,000. Ngome ya Masada haikuweza kuwapokea wote. Akawagawia chakula cha njiani na kuwatawanya, akabakiza wanawake wa nyumba yake na walinzi 800.

Yeye akaenda nchi ya wajomba zake kuomba msaada. Mfalme wao alikuwa amewahi kutendewa mema naye, lakini alituma watu wamwambie arudi alikotoka. Huku nyuma Masada maji yalikwisha, na waliobaki wakawa tayari kukimbia tena, mpaka mvua ikanyesha usiku na kujaza matangi.

Wapendwa, ni nani kati yetu asiyeijua safari hiyo? Kutoka usiku, kumwona mzazi ameanguka njiani, kukataliwa mpakani na watu wa damu yako, kuisubiri mvua. Hadi hapo, Herode ni mwenzetu.

Kutoka mkimbizi hadi mfalme

Kutoka huko alikwenda Misri, akapanda meli wakati wa baridi, akapigwa na dhoruba, akafika Roma. Josephus anasema kwamba hakwenda kujiombea ufalme. Alitaka kumwombea ndugu wa mchumba wake, kijana Aristobulus, wa ukoo wa wafalme wa zamani. Lakini wakubwa wa Roma, Antony na Octavian, waliona Herode mwenyewe anawafaa. Kabla ya mwaka kwisha, Seneti ilimtangaza kuwa mfalme wa Wayahudi. Ilimchukua miaka 3 ya vita kuupata mji wake. Mwaka 37 K.K. Yerusalemu ilianguka na Antigonus akauawa.

Mtu angefikiri kwamba sasa angelala usingizi. Hakulala. Wahenga walisema aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Herode alikwisha kujua kwamba mtu anaweza kupoteza kila kitu kwa usiku mmoja, naye akaapa moyoni kwamba haitatokea mara ya pili. Kuanzia hapo kila mtu aliyependwa na watu alikuwa nyoka machoni pake.

Wa kwanza alikuwa Aristobulus, yule yule aliyetaka kumwombea ufalme. Alimfanya kuhani mkuu akiwa na miaka kama 17. Kwenye Sikukuu ya Vibanda makutano walimshangilia kijana kwa machozi. Muda mfupi baadaye, huko Yeriko, watumishi wa Herode walimzamisha katika birika wakijifanya wanacheza. Herode akalia msibani na kumfanyia mazishi makubwa.

Halafu Hyrcanus, babu yake Mariamne. Mzee huyu zamani alimwokoa Herode aliposhitakiwa mbele ya Baraza. Waparthi walimpeleka uhamishoni, akaishi vizuri kati ya Wayahudi wa Babeli, wakimheshimu. Herode akamtumia ujumbe wa kumbembeleza arudi nyumbani. Mzee akarudi. Mwaka 30 K.K., akiwa na miaka zaidi ya 80, Herode alimwua.

Mwisho Mariamne, aliyekuwa sasa mke wake, aliyekaa Masada bila maji kwa ajili yake. Inasemwa kwamba Herode alimpenda sana. Lakini kila aliposafiri safari ya hatari aliacha amri ya siri kwamba yeye akifa, mke naye auawe, asije akachukuliwa na mwingine. Mariamne alipojua, moyo wake ulifungwa. Salome, dada ya mfalme, akaleta maneno juu ya wifi yake, na Herode akayaamini. Mwaka 29 K.K. alimhukumu na kumwua. Baadaye alizunguka jumba lake akiliita jina lake, akiwaamuru watumishi waende wamwite kana kwamba yu hai.

Mkono unaogawa ngano

Tusiseme kwamba Herode hakujua kutawala. Alijenga bandari ya Kaisaria, na karibu mwaka 20 K.K. alianza kulijenga upya Hekalu, likawa la kupendeza sana. Njaa ilipoingia karibu mwaka 25 K.K., aliyeyusha vyombo vya dhahabu na fedha vya jumba lake, akanunua ngano Misri, akawagawia watu. Wazee wasioweza kujipikia aliwawekea waoka mikate. Waliokosa nguo aliwapa.

Lakini mtawala huyo huyo alikataza watu kukusanyika, hata kutembea pamoja. Aliweka wapelelezi mjini na njiani. Josephus anaandika kwamba wakati mwingine alivaa nguo za mtu wa kawaida, akajichanganya na watu usiku asikie wanamsema nini. Hebu fikirini mfalme mwenye majumba na majeshi, anasimama gizani kutega sikio kwa masikini. Cheo kilikua, na hofu ikakua pamoja nacho.

Mtu mwenye hofu ya namna hiyo hawezi kukosa waleta maneno, maana yeye ndiye anayewalisha. Jumba la Herode lilijaa barua za uongo na watumishi walioteswa mpaka waseme lolote. Mwaka 7 K.K. aliwanyonga wana wake wawili, watoto wa Mariamne, kwa tuhuma kwamba wanataka kiti chake. Mwanawe mkubwa, Antipater, ndiye aliyekuwa akiwachongea. Naye aliuawa siku tano kabla ya baba yake kufa.

Katika miaka hiyo ya mwisho mamajusi walifika wakimuulizia mfalme wa Wayahudi aliyezaliwa. (Hesabu ya kalenda yetu ilifanywa karne nyingi baadaye na ikakosea miaka michache. Ndiyo sababu Yesu alizaliwa Herode akiwa hai, ingawa Herode alikufa mwaka 4 K.K.) Mathayo 2 inatueleza habari za watoto wa Betlehemu. Josephus hakuiandika. Betlehemu kilikuwa kijiji kidogo, na katika utawala wenye damu nyingi kiasi hicho watoto wa masikini husahauliwa upesi. Mungu hakuwasahau. Na mtu aliyewanyonga wana wake mwenyewe hangeshindwa kuua watoto wa wengine.

Alikufa Yeriko, na umri wa miaka kama 70, katika maumivu makali. Alijua hakuna atakayemlilia. Kwa hiyo aliamuru wakubwa wa Wayahudi wafungiwe uwanjani, wauawe saa atakapokata roho, ili nchi iwe na kilio. Alipokufa, Salome aliwafungulia, wakaenda kwao.

Alizikwa Herodio, ngome aliyoijenga mahali pale pale alipowashinda waliomfukuza mwaka ule wa kukimbia, kilometa kama 5 tu kutoka Betlehemu. Mwaka 2007 mtaalamu Ehud Netzer alitangaza kwamba amelipata kaburi hilo. Jeneza la jiwe lilikuwa limevunjwa vipande vipande. Mwili wake haukuwamo.

Inatuhusu nini?

Sisi wakimbizi huwa tunasema kwamba mtu aliyeteseka atakuwa na huruma. Ningependa iwe hivyo. Herode anatuonyesha kwamba mateso peke yake hayamfanyi mtu kuwa mwema. Jeraha lisipopelekwa kwa Mungu na kwa ndugu, laweza kugeuka kuwa njaa ya madaraka, na njaa hiyo haishibi.

Nikiri jambo. Miaka yetu ya kwanza hapa nilichaguliwa katibu wa kamati ndogo ya mgao. Ulikuwa ni daftari na kalamu tu. Lakini kijana mmoja alipouliza swali juu ya hesabu, mbele ya watu, sikulala usiku ule. Kesho yake nilianza kuuliza huyu ni wa nani, anatembea na nani. Mke wangu aliniambia kwamba tangu nipewe daftari hilo nimekuwa mtu wa kunong'ona. Nilikasirika siku mbili, siku ya tatu nikamfuata kijana yule, tukapiga hesabu pamoja. Kulikuwa na kosa, nalo lilikuwa langu.

Herode alipita Misri akikimbia, na mtoto Yesu naye alipelekwa Misri akikimbia. Mmoja alitoka huko akaenda kutafuta kiti ambacho hakuna atakayemng'oa. Mwingine alirudi akakaa Nazareti na fundi seremala, na alipokua aliwaosha wanafunzi wake miguu. Njia zote mbili zinaanzia kambini, tena mlangoni pa hema zetu.

Wazazi, zungumzeni na watoto jioni. Nani nyumbani mwetu anaogopwa? Ni maneno ya nani tunayaamini bila kumuuliza anayesemwa? Tukirudi nyumbani siku moja, na wengine wetu wakapewa vyeo, tutawatendea nini waliobaki, na watakaokuja kutuomba msaada mpakani?

Tuwaombee viongozi wa nchi tulizotoka, wa nchi hii iliyotupokea, na wa kamati zetu hapa kambini, ili Bwana awaponye hofu. Na kila aliyeshika daftari aanze kujiombea mwenyewe.

Mungu awabariki.

Mchungaji wenu