Nansen na Hati ya Wasio na Nchi

Mwaka 1983 Mwalimu Julius Nyerere alitunukiwa nishani ya Nansen, ambayo hutolewa kwa waliowatendea wema wakimbizi. Miaka mitatu kabla ya hapo, mwaka 1980, wakimbizi wapatao 36,000 kutoka Rwanda walikuwa wamepewa uraia wa Tanzania. Nishani hiyo hutajwa mara kwa mara katika historia yetu, lakini mwenye jina lake hajulikani sana miongoni mwetu. Yafaa basi tumweleze.

Fridtjof Nansen alizaliwa tarehe 10 Oktoba, 1861, karibu na mji wa Christiania, ambao sasa huitwa Oslo, nchini Norway. Alisomea elimu ya wanyama, lakini sifa zake zilienea kwa sababu ya barafu. Mwaka 1888 aliivuka Greenland pamoja na wenzake watano. Mwaka 1893 aliiacha merikebu yake, Fram, inaswe kwa makusudi katika barafu ya Bahari ya Aktiki ili impeleke kaskazini. Na mwaka 1895, akiwa na mwenzake mmoja tu, alifika mahali ambapo hakuna binadamu aliyejulikana kufika kabla yao. Vitabu vingi vimeyaeleza hayo. Sisi tuna haja na Nansen wa baadaye.

Wakati huo Norway ilikuwa chini ya mfalme wa Sweden. Ilikuwa na bunge lake na merikebu nyingi za biashara, lakini haikuwa na mabalozi wake. Baharia au mfanyabiashara wa Norway aliyepata msiba ugenini alihudumiwa na mabalozi wadogo waliokuwa chini ya serikali ya Stockholm. Ugomvi juu ya jambo hilo, ambalo mtu angeweza kulidhani dogo, ndio uliovunja muungano mwaka 1905. Nansen aliipigania nchi yake kwa kalamu katika magazeti ya ndani na ya nje, na kuanzia mwaka 1906 hadi 1908 alikuwa mwakilishi wake wa kwanza mjini London. Alijua kwa hiyo, tena si kwa kusimuliwa, maana ya mtu kuwa na dola inayomsemea anapokuwa mbali na kwao.

Kabla ya vita ya mwaka 1914 watu walivuka mipaka mingi ya Ulaya bila kuulizwa pasipoti. Vita ikabadili hayo, na amani iliporudi masharti hayakuondoka. Mwaka 1920 Shirikisho la Mataifa lilimpa Nansen kazi ya kuwarudisha makwao mateka wa vita, na katika muda wa miaka miwili hivi zaidi ya 400,000 walirudi. Mwaka 1921 akateuliwa kuwa Kamishna Mkuu wa wakimbizi wa Kirusi, ambao walikuwa wametapakaa kutoka Constantinople hadi China.

Ndipo ikatoka amri ya tarehe 15 Desemba, 1921. Serikali ya Kisovyeti iliwavua uraia waliotoka nchini bila idhini yake baada ya Mapinduzi, na wale waliobeba silaha dhidi yake. Mwandishi wa safu hii hana machozi ya kumlilia Tsar wala majenerali wake. Lakini amri ile haikumpata jenerali peke yake. Ilimpata pia mpishi, mshonaji na mjane. Sheria ya mataifa ilimtambua mtu kwa kupitia dola yake, na asiye na dola alikuwa kama hayupo. Polisi wa nchi moja walimsukuma mpakani, wa nchi ya pili wakamrudisha, kisha akafungwa kwa kosa la kuwapo mahali asiporuhusiwa, na kifungo kikiisha akafukuzwa tena.

Mwezi Julai, 1922, serikali zilizokutana Geneva zilikubali hati aliyoipendekeza Nansen. Ilikuwa karatasi moja yenye picha, jina, umri na maelezo ya mwenyewe, ikitamka kwamba ni mtu wa asili ya Urusi ambaye hajapata uraia mwingine. Hati hiyo haikumpa uraia. Wala nchi iliyoitoa haikulazimika kumpokea tena akitoka. Aliweza kuvuka mpaka kwa hati halali, kisha akakuta mlango wa nyuma umefungwa. Hiyo ndiyo ila yake kubwa, na waliomlaumu Nansen kwa hilo hawakukosea. Ila wasahau kwamba angedai zaidi, serikali zile zisingetia saini, na mshonaji wetu angebaki gerezani.

Mwaka 1924 Waarmenia waliingizwa katika mpango huo. Mwaka 1926 ikaanzishwa stempu ya faranga tano za dhahabu, yenye sura ya Nansen, iliyobandikwa katika hati na wenye uwezo ili fedha ziwasaidie mafukara, masikini hawakutozwa. Zaidi ya nchi 50 hatimaye ziliitambua hati. Mwanamuziki Igor Stravinsky na mwandishi Vladimir Nabokov walikuwa miongoni mwa waliosafiri nayo.

Nansen alipata tuzo ya Nobel ya amani mwaka 1922, na fedha zake akazitoa katika kazi ya misaada. Mwaka 1925 alikwenda Armenia mwenyewe, akapanga namna ya kuwapatia wakimbizi ardhi ya kumwagilia maji, maana aliona kuwa tiba ni mtu kuwa na kwao. Mataifa makubwa, ambayo wakati wa vita yaliwaahidi Waarmenia mengi, yalimnyima fedha. Alifariki tarehe 13 Mei, 1930, akazikwa tarehe 17, siku ya sikukuu ya taifa lake.

Mkataba wa kuzikataza dola kumsukumia mkimbizi mpakani ulipatikana mwaka 1933. Nchi nane tu ziliuridhia, Norway ikiwa mojawapo.